Grainda bila kava: ushujaa au ujinga?

Wiki mbili hizi nilikuwa kusini, Mbinga na kule chini ziwani Mbamba Bay. Gazeti lilinituma kufuatilia bandari mpya, ile ambayo Rais Samia aliiwekea jiwe la msingi Septemba 2024. Habari ya bandari nimeiandika na mhariri kaikata nusu, kama kawaida yake. Leo naandika ile ambayo hakuna mhariri wa Dar atakayeitaka: habari ya mashine ndogo ya kukatia chuma, grainda, hasa hizi mpya za betri zisizo na waya.

Najua kuna wanaocheka tayari. Mtu mzima, digrii ya chuo kikuu, anaandika habari ya grainda! Ngojeni kwanza.

Siku ya pili Mbamba Bay nilimkuta fundi mmoja ufukweni, amepiga magoti mchangani kando ya boti ya mbao iliyopinduliwa. Alikuwa anakata boliti zilizoota kutu kwenye chuma cha kushikia injini. Mkononi ana grainda ya betri, ndogo, ile ya diski ya inchi 4 na nusu. Ila diski aliyofunga haikuwa ya inchi 4 na nusu. Ilikuwa jiwe la mashine kubwa, la inchi 9, lililolika hadi likabaki kama inchi 7. Ili liingie, kava lilikuwa limeondolewa. Mshikio wa pembeni haupo. Miwani haipo. Viatu ni ndala.

Mimi na kamera yangu nikachuchumaa mbele yake nipate picha nzuri ya cheche. Mnajua picha za cheche zinavyopendeza. Nikapiga tatu, nne. Nikanyanyuka kwenda kumsalimia mzee mmoja aliyekuwa anashona nyavu. Sijamaliza hata "shikamoo" nikasikia mlio kama wa bati lililopigwa na jiwe. Nilipogeuka, fundi alikuwa amekaa chini, mashine bado inazunguka mchangani peke yake, na kipande cha diski kimezama kwenye ubao wa boti. Ubao ule ulikuwa nyuma ya kichwa changu dakika moja kabla.

Nilijaribu kukichomoa kile kipande kwa vidole. Hakikutoka.

Fundi alicheka. Mimi sikucheka. Nikamuuliza, "Kaka, hii kawaida?" Akanijibu, "Mdogo wangu, kawaida. Wewe ulikuwa umekaa vibaya." Kisha akanigeuzia uso vizuri nikaona jicho lake la kushoto lina doa jeupe katikati. Lile lilikuwa la Mbinga, akasema, alipokuwa kibarua kwenye karakana ya mageti. Chembe ya chuma iliingia, wenzake wakamwambia asugue na kitambaa, mwingine akamtilia maji ya sukari. Alifika hospitali siku ya tatu. Mwenye karakana alimpa nauli na pole.

Sasa hesabu kidogo, maana nilirudi gesti nikakaa na kikokotoo. Lebo ya mashine ile inasema mizunguko 11,000 kwa dakika. Diski yake halali ya milimita 115 ikizunguka hivyo, ukingo wake unakwenda karibu kilometa 240 kwa saa. Diski za kawaida za kukatia chuma zimetengenezwa zistahimili mita 80 kwa sekunde, ndiyo maana ya ile namba iliyoandikwa usoni mwake. Diski ya inchi 4 na nusu inaruhusiwa hadi mizunguko kama 13,300. Ya inchi 9 inaruhusiwa 6,650 tu, kwa sababu imetengenezwa kwa mashine kubwa inayozunguka polepole. Ukichukua jiwe lililobaki inchi 7 ukalizungusha mara 11,000, ukingo unafika kama mita 102 kwa sekunde. Yaani umelipita kiwango, na hapo hatujaongelea nyufa lililopata likiwa kwenye mashine ya kwanza.

Kinachoponza watu ni tundu. Tundu la katikati la diski ya inchi 4 na nusu na la inchi 9 ni lile lile, milimita 22.23. Linaingia vizuri kabisa, nati inakaza vizuri kabisa, na fundi anaona mambo sawa. Kava pekee ndilo linalokataa. Basi kava linafunguliwa, linatupwa kwenye kopo la misumari, na huo ndio mwisho wa mlinzi.

Hapa naomba nitoe maoni yangu bila kuzunguka. Tumekuwa na tabia, sisi tuliosoma, ya kumsifia fundi wa mtaani kwa "ubunifu" kila anapofanya kazi bila vifaa. Tunapiga picha, tunaweka maneno matamu ya Mtanzania asiyekata tamaa. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo, na kichwa kidogo kiniponze. Kukata chuma bila kava si ubunifu. Ni umaskini uliochanganyika na ubishi, na anayelipa gharama ni jicho la mtu mwingine kabisa: msaidizi, mtoto anayepita na ndoo, mwandishi mjinga mwenye kamera.

Na betri imeongeza tatizo kwa njia ambayo sikuitegemea. Fikirini. Mashine ya waya ilimfunga fundi mahali. Palipo na umeme ndipo palipo na karakana, ndipo palipo na meza na jiliwa la kubania chuma. Mbinga yenyewe ilikuwa inategemea jenereta za dizeli miaka mingi. Gridi ya taifa imefika Ruvuma mwaka 2018 kwa ile laini ya kutoka Makambako hadi Songea. Ufukweni huku, ukitaka kutumia grainda ulileta boti kwa fundi au ulikodi jenereta. Waya ulikuwa kero, lakini ulikuwa pia mlezi. Leo fundi anaweka mashine kwenye begi, anapanda bodaboda, anakata juu ya paa, ndani ya boti inayoyumba, juu ya ngazi iliyoegemezwa kwenye mnazi. Anaishika kwa mkono mmoja kwa sababu ule mwingine umeshika ngazi. Hakuna plagi ya kumwambia mtoto "chomoa!" mambo yakiharibika. Mashine nyingi za bei nafuu zina swichi ya kusukuma inayojifunga yenyewe. Ukiidondosha haizimiki, inatembea. Ile ya Mbamba Bay ilichimba shimo mchangani kabla mwenyewe hajaipata.

Sisemi tuzirudishe China. La hasha! Nimeona zinavyosaidia. Kutoka Mbinga juu ya milima ya Wamatengo, kwenye mashamba ya kahawa na ngoro zao, fundi anakwenda kutengeneza mashine ya kumenya kahawa kule kule shambani badala ya kuibeba mgongoni hadi mjini. Msimu wa mavuno unajua hausubiri. Hiyo ni faida kubwa. Ninachosema ni kwamba mashine imeshafika, ila mafunzo yake hayajafika.

Nilipopanda tena Mbinga nikatafuta mtu wa kunifundisha. Nikampata fundi mtu mzima, aliyepita VETA Songea, ana karakana karibu na stendi. Nikamwamkia, nikamweleza, akanipa ovaroli na miwani kabla hajanijibu chochote. Miwani yenyewe ni ile inayofunika na pembeni, siyo hii ya urembo tunayovaa kwenye daladala. Juu yake akanipa ngao ya uso. "Miwani kwa ajili ya chembe, ngao kwa ajili ya diski," alisema. Masikioni pamba maalumu, maana mlio ule ukiuzoea ujue masikio yameshaanza kufa.

Glavu tulibishana kidogo. Yeye anataka za ngozi zinazobana mkono, hataki za kitambaa zenye nyuzi, kwa sababu uzi mmoja ukinaswa unavuta mkono mzima. Shati la mikono mipana hapana. Khanga kiunoni hapana.

Kisha kabla ya kugusa diski akatoa betri. Hili nalitilia mkazo kwa sababu ndilo tofauti kubwa na ile ya waya. Watu wanabadilisha diski betri ikiwa ndani, kidole kinagusa swichi, basi. Betri itoke kwanza, kila mara, hata kama unabadilisha kwa sekunde kumi. Hata ukiifunga kwenye begi la bodaboda, itoke.

Akanionyesha pete ya chuma katikati ya diski. Imepigwa mwezi na mwaka. Nilidhani ni tarehe ya kutengenezwa, kumbe ni ya kuisha muda! Gundi inayoshika punje za diski inazeeka, kwa kawaida wanaipa miaka mitatu, na unyevu unaiharibu mapema zaidi. Sasa fikirini diski inayolala chini ya boti ufukweni Liuli. Alinifungulia droo yake, diski zimelala bapa kwenye kopo kavu la maziwa. Ikianguka sakafuni, hata kama huoni ufa, anaivunja na kuitupa. Nilimwambia ni hasara. Akaniambia diski nyembamba moja haifiki bei ya wali samaki pale stendi, na kweli niliangalia bei zote mbili.

Ukishafunga diski mpya, unaiwasha ikiwa imeelekezwa mbali na watu, unaiacha izunguke kama dakika moja bila kukata. Kama itapasuka, ipasukie hapo. Kava linakaa kati yako na diski, siyo upande wa pili kwa kuwa eti linazuia kuona. Mshikio wa pembeni unafungwa na mikono yote miwili inashika. Na mwili wako usisimame kwenye mstari mmoja na diski. Simama kando.

Hili la mwisho mimi nilishajifunza kwa njia mbaya. Miaka miwili iliyopita, chumba nilichopanga Tabata, niliazima grainda nikate nondo ya dirisha lililojaa kutu. Nilianza vizuri sana. Nilipofika karibu na mwisho nondo ikalala kidogo, ikaibana diski kama meno. Mashine ikaruka nyuma kwa nguvu ambayo sijawahi kuiona kwenye kitu kidogo namna ile. Ilichana jinzi yangu pajani, ngozi ikabaki na mstari mwekundu tu. Nilikaa kitandani nusu saa nikitazama ule mstari. Sikumwambia mtu, nilijifanya jinzi ni fasheni.

Fundi wa Mbinga alinieleza kosa langu kwa fimbo na matofali mawili. Ukiegemeza chuma ncha zote mbili ukakata katikati, kinazama katikati na mkato unafunga, unabana diski. Ukikibana upande mmoja kwenye jiliwa na kuacha kile kipande cha kukatwa kining'inie, mkato unafunguka wenyewe na kipande kinaanguka. Rahisi hivyo. Digrii yangu haikuwa na somo hilo.

Kuhusu kukata vizuri, mimi nilidhani siri ni kukandamiza. Kumbe ndiyo sababu betri zinaisha. Unaiacha mashine ifikie kasi yake kwanza, ndipo unagusa chuma, na uzito wa mashine unatosha. Ukisikia mlio unashuka, umekandamiza mno. Kwa bomba la pembe nne usizamishe diski moja kwa moja hadi upande wa pili. Unakata uso mmoja, unageuza, unakata mwingine. Diski nyembamba ya milimita moja inakata haraka na kula umeme kidogo, lakini ni ya kukata tu. Ukiilaza ubavu kusagia ulipochomelea, inavunjika. Kusagia kuna jiwe lake nene la milimita 6, unaliinamisha kidogo kwenye chuma, siyo kulisimamisha.

Betri nayo ina ukweli wake. Betri ya volti 18 yenye saa-ampia 4 ina wati-saa 72. Ukikata mfululizo kazi inayovuta wati 600, zinaisha kwa kama dakika saba. Dakika saba! Kwa hiyo fundi wa ufukweni akiwa na betri moja anakata kwa haraka haraka na kukandamiza, anaogopa itaisha kabla ya boliti. Mbili ni lazima. Na iliyotoka kazini ikiwa ya moto usiichaji papo hapo, iache ipoe kivulini kwanza.

Hapa kuna wizi ambao natamani FCC na TBS wauangalie. Mashine ya yule kaka wa Mbamba Bay imeandikwa 88V kwa maandishi makubwa. Nimeziona nyingine 48V, nyingine hata zaidi ya 100. Fundi wa Mbinga alishafungua betri mbovu ya namna hiyo, ndani alikuta seli zimeunganishwa tano tano. Seli moja ya lithiamu ni volti 3.6, ikijaa kabisa 4.2. Tano ni volti 18, zikijaa 21. Hiyo 88 imetoka wapi? Ni namba ya kuvutia macho. Mtu anakopa kwenye kikundi, analipia volti 88, anapata 18. Na kama lebo inadanganya kuhusu volti, kwa nini niiamini ile ya mizunguko?

Kuna mawili ya ziwani hasa ambayo sitaki kuyaacha. Kwanza, wanaotengeneza boti za mbao wanafunga kwenye grainda diski zenye meno kama msumeno. Nimeona kwa macho. Grainda inazunguka kwa kasi kuliko msumeno wa duara wa kawaida, na meno yakinasa kwenye mbao mbichi mashine inaruka kuliko ile ya nondo yangu. Tumieni msumeno. Pili, mapipa. Watu wanakata mapipa ya mafuta kutengeneza majiko ya kukaushia samaki. Pipa "tupu" la petroli au dizeli siyo tupu, limejaa mvuke, na grainda ni mashine ya kutengeneza cheche. Hata boti yenye petroli iliyomwagika chini ya mbao ni hivyo hivyo. Tafuteni pipa ambalo halijawahi kubeba mafuta.

Mnisamehe nikitoka nje ya mada kidogo. Liuli, mwendo kidogo kutoka Mbamba Bay, Wajerumani waliita Sphinxhafen. Ndipo tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza Guendolen iliivamia meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ikiwa imevutwa nchi kavu kwa matengenezo, nahodha wake hata hajajua vita imeanza. Mafundi wa siku zile walikuwa na nyundo, tupa na patasi. Grainda yenyewe ilikuja baadaye sana, ilibuniwa Ujerumani mwaka 1954 na kampuni iliyoiita Flex, na mpaka leo Mjerumani wa kawaida akitaka grainda anasema Flex. Miaka 70 mashine hii ipo duniani. Hatari zake zote zinajulikana, zimeandikwa. Hakuna anayetakiwa kuzigundua upya kwa jicho lake.

Sheria tunayo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, siyo kibarua ajinunulie. Kuna pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Lakini yule kaka alikuwa kibarua wa kutwa, jina lake halikuandikwa popote, akapewa nauli na pole. Ndiyo maana sina hamu ya kumalizia kwa kuilaumu serikali peke yake. Wewe unayesoma hapa ofisini kwako Posta au Njiro, mara ya mwisho ulipotengeneza geti ulipunguziwa bei kiasi gani? Ulimuuliza fundi miwani iko wapi? Mimi sikuwahi kuuliza. Kwenye hesabu ya geti tunaandika bomba, rangi, bawaba, komeo. Ongeza mstari mmoja wa diski mpya na miwani, gharama ni ndogo kuliko rangi. Na halmashauri zinazotoa ile mikopo ya asilimia 10 kwa vikundi vya vijana, kikundi kikiomba grainda, kikopesheni pamoja na ngao ya uso na siku mbili za kufundishwa.

Na chembe ikiingia jichoni: usisugue, usitie sukari, usitie maziwa, usimruhusu rafiki aitoe kwa sindano. Osha kwa maji safi mengi. Isipotoka, au kama imechoma jicho, usiiguse tena. Funika jicho na kitu kisicholigandamiza, hata kikombe kisafi, uende hospitali siku hiyo hiyo. Chuma kikikaa jichoni kinaota kutu humo humo.

Kabla ya kupanda basi Songea nilinunua miwani miwili, diski kumi za inchi 4 na nusu na mshikio wa pembeni, nikamtumia yule kaka Mbamba Bay kwa dereva ninayemfahamu. Kava alisema atalitafuta kwenye kopo la misumari. Juzi amenitumia picha kwa simu: yuko juu ya boti ile ile, cheche zinaruka, kava lipo, mshikio upo, mikono miwili. Miwani ameiweka juu ya kofia.

Nimempigia. Anasema alikuwa anaishusha, ila mpiga picha aliwahi.